Mbegu za Papai, Mwarobaini na Minyoo ya Mbuzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga mbuzi na kondoo wachache Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kila masika simu yangu hugeuka zahanati ya mifugo. Wanaopiga ni wa Kivule, Kigamboni, Goba, Mbagala: wengi wana mbuzi watano nyuma ya nyumba, wachache wana ishirini. Swali la kwanza karibu kila mara ni dawa ya mimea. Majibu yaliyopo hapa mengine nimeyasoma, mengine nimepewa na madaktari wa mifugo, na mengine nimeyapata kwa kuzika mbuzi.

Kuna mmea unaoua minyoo ya mbuzi kweli?

Ipo mimea inayopunguza minyoo, na ipo mingi inayoiua ndani ya kichupa cha maabara. Ila mmea ambao ukimnywesha mbuzi kikombe kimoja leo, wiki ijayo minyoo imekwisha, huo sijauona. Mimea inayosaidia husaidia ikiwa chakula: inaliwa kwa wingi, kila siku, kwa wiki kadhaa, na msaada wake huonekana zaidi kwa mnyama ambaye bado ana nguvu. Shida yetu ni kwamba tunakumbuka mimea siku mbuzi ameshalala chini.

Minyoo ipi hasa?

Kinara wao ni Haemonchus contortus. Unaishi kwenye tumbo la nne na kazi yake ni kunyonya damu. Jike ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, na ukimtazama vizuri utaona wekundu na weupe vimesokotana kama kamba ya nyuzi mbili. Wekundu ni damu aliyokunywa, weupe ni mirija yake ya mayai. Hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku.

Mnyoo mmoja hunyonya kama mililita 0.05 za damu kwa siku, tone tu. Lakini mbuzi mwenye minyoo 1,000 anapoteza mililita 50, yaani robo ya kikombe cha chai, leo na kesho na kesho kutwa. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 20 ana damu isiyozidi lita moja na nusu mwili mzima. Piga hesabu.

Wapo wengine: Trichostrongylus na Oesophagostomum wanaoishi kwenye utumbo, na hawa ndio wa kuharisha na kukonda. Mbuzi mwenye wale wa kunyonya damu mara nyingi haharishi. Mbuzi anatoa gololi kavu, nzuri kabisa, mwenye mali anasema "huyu hana minyoo", na Alhamisi anamkuta amekufa.

Na zile punje kama za mchele kwenye kinyesi cha mwanambuzi? Ni vipande vya tegu aitwaye Moniezia. Anatisha kwa sura kuliko kwa madhara. Simu nyingi ninazopigiwa ni za huyu, kwa sababu anaonekana. Muuaji haonekani.

Nitajuaje kama mbuzi wangu ana minyoo, bila maabara?

Tazama jicho. Mtoe mnyama juani, ndani ya banda rangi zinadanganya. Kwa kidole gumba shusha kope la juu lifunike mboni, ulisukume kidogo kwa ndani, kisha kwa gumba la mkono wa pili vuta kope la chini. Utando wa ndani utachomoza wenyewe. Usome upesi, kabla haujabadilika rangi kwa kukandamizwa, halafu nenda jicho la pili.

Ukiwa mwekundu kama nyama ya bucha asubuhi, hana shida ya damu. Ukiwa pinki iliyochangamka, bado yuko salama. Pinki iliyofifia ni mpakani. Ukikaribia weupe, yuko hatarini, na ukiwa mweupe kama unga wa sembe uliokandwa, una saa chache za kufanya kitu. Ngazi hizi tano ndizo zilizochapwa kwenye kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Jina lake limetokana na la daktari wa mifugo Faffa Malan. Ukiipata kadi yenyewe itumie, maana kumbukumbu ya rangi hutofautiana mtu na mtu. Wakati wa masika natazama macho kila baada ya wiki mbili, kiangazi mara moja kwa mwezi.

Dalili ya pili ni uvimbe laini chini ya taya, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Jirani yangu, mama wa makamo, alinijia na beberu wake amemfunga kamba.

"Baba, hebu niangalizie huyu. Naona anaota kidevu cha pili, ameanza kunenepa."

Nikavuta kope. Nyeupe.

"Mama, huyu hanenepi. Anaishiwa damu, hayo ni maji."

Angalizo: weupe wa jicho unasema damu imepungua, hausemi nani kaichukua. Ndigana baridi inayoletwa na kupe hufanya hivyo hivyo, na minyoo bapa ya ini pia, hasa kwa mifugo inayochungwa mabondeni penye konokono. Kwa hiyo ukitibu minyoo na jicho lisirudi, mwite mtaalamu badala ya kurudia dawa ile ile.

Mbegu za papai zinafanya kazi?

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo lililonigharimu.

Utomvu wa papai bichi una vimeng'enya vinavyoyeyusha protini, ndivyo vile vile vinavyolainisha nyama ngumu ukiifunga kwenye majani ya mpapai. Ngozi ya mnyoo nayo ni protini, na maabara wameona vimeng'enya hivi vikiila mpaka mnyoo unapasuka. Mbegu nazo zina kemikali kali, ile inayofanya ukizitafuna zikuwashe kama haradali. Nigeria mwaka 2007 walichapisha utafiti wa watoto 60 waliokuwa na vimelea vya tumbo: nusu walipewa mbegu za papai zilizokaushwa pamoja na asali, nusu asali tupu, na wengi wa waliopewa mbegu walipona. Indonesia, miaka ya 1990, utomvu ulipunguza minyoo ya nguruwe.

Ukisoma hayo unakimbilia Buguruni sokoni kuomba mbegu kwa wakata matunda. Nilifanya hivyo. Nilizikausha juu ya bati siku nne, nikazisaga kwenye kinu, nikapima kijiko kwa kila mbuzi kila asubuhi, nikajiona daktari. Nilikuwa na mwanambuzi wa miezi mitano ambaye jicho lake lilikuwa limeshapauka. Dawa ya duka ilikuwepo kabatini. Nikasema nimpe mbegu siku tatu kwanza nione. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amelala ubavu, shingo imepinda nyuma, na kwenye chombo chake unga wa mbegu haujaguswa. Tulipompasua, tumbo la nne lilikuwa limejaa nyuzi nyekundu zinazojinyonganyonga, nyingi mpaka ukuta wa tumbo hauonekani vizuri.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani walijaribu kitunguu saumu na papai kwa mbuzi na wanakondoo, wakachapisha mwaka 2009: mayai ya minyoo hayakushuka. Na ukifikiri inaeleweka. Mtoto wa binadamu ana tumbo moja dogo. Mbuzi ana tumbo kuu la kuchachushia lenye lita nyingi za maji na majani, limejaa bakteria ambao kazi yao ni kuvunjavunja kila kinachoingia. Kijiko chako cha mbegu kinamwagwa kwenye pipa hilo, na kinapofika tumbo la nne kimeshakuwa kitu kingine.

Bado nawapa maganda na mbegu za papai zinapopatikana, kama chakula. Jicho likipauka, sisubiri papai.

Mwarobaini je? Upo kila kona ya mtaa.

Upo, na jina lake linatufanya tuamini unaponya kila kitu. Majaribio ya kondoo yaliyofanywa Kenya na Brazili hayakuonyesha mayai kupungua kwa kiasi cha maana. Malaysia, walipolisha majani mabichi kila siku, walipata matokeo yenye matumaini zaidi. Kwa hiyo tawi moja likining'inizwa bandani na mbuzi wanalidonoa wenyewe, sina ugomvi nalo. Kuchemsha sufuria na kumshindilia mnyama maji meusi machungu ni kumtesa. Mwenye mimba usimpe kabisa.

Mwarobaini una kazi nyingine nzuri shambani kama kufukuza wadudu. Kila mmoja na fani yake.

Kitunguu saumu, mbegu za maboga, maganda ya nanasi?

Kitunguu saumu: angalia jibu la papai. Tena kikizidi kina madhara kwa damu ya mnyama, na mbuzi wako shida yake tayari ni damu.

Mbegu za maboga zina sifa ya zamani dhidi ya tegu kwa binadamu. Kwa minyoo ya kunyonya damu sijaona ushahidi wa kunishawishi. Ni chakula kizuri chenye mafuta na protini, ukizipata bure wape.

Maganda ya nanasi, msimu wa nanasi za Kiwangwa unapofurika jijini, yana kimeng'enya kinachofanana kazi na cha papai. Yanaingia kwenye pipa lile lile. Yakizidi yanamletea mbuzi asidi tumboni na kuharisha, kwa hiyo kiasi.

Basi mmea gani wewe unautumia?

Majani ya muhogo. Hapa ndipo penye jambo.

Majani ya muhogo yana tanini, ile ladha ya kukaza ulimi unayoipata kwenye chai iliyokolea au bibo la mkorosho. Tanini hufanya kazi mbili. Kwanza hushikana na protini ya chakula ili isimalizwe yote na bakteria wa tumbo kuu, ikapita hadi utumboni ambako mbuzi anaifyonza mwenyewe. Mbuzi mwenye protini ya kutosha hutengeneza damu upesi na kinga yake hupambana na minyoo. Pili, tanini yenyewe huwasumbua minyoo na lava, yaani minyoo michanga, na mayai yanapungua. Vietnam na Kambodia walijaribu kulisha mbuzi majani ya muhogo miaka ya 2000 mwanzoni, na waliolishwa walitoa mayai machache kuliko waliokula nyasi tu. Kwangu faida ninayoiona kwa macho ni kwamba wanaokula muhogo hawakondi masika.

Dar yote imezungukwa na muhogo: Kisarawe, Mkuranga, Kibaha, mpaka viwanja ambavyo havijajengwa. Na huna haja ya kugombania kisamvu na familia. Kisamvu ni majani machanga ya juu, mbuzi anafurahia yale makubwa ya chini na kati ambayo mama hayachumi.

Ila usimpe mabichi. Muhogo una sumu ya sianidi, mchungu zaidi kuliko mtamu, na majani yanayo kama mzizi. Mimi nayakata asubuhi umande ukikauka, nayatandaza juu ya turubai unene wa kiganja, nageuza mara mbili tatu kwa siku. Jua la Dar likiwa zuri, siku mbili zinatosha. Utajua yako tayari ukishika konzi na kulifinya: yanavunjika kwa kelele, vikonyo bado vinapinda. Harufu inabadilika kutoka ile ya ubichi mkali kuwa kama majani ya chai. Yakinyeshewa katikati yakaota ukungu, tupa. Ukungu ni sumu nyingine.

Anza na konzi moja moja kwa wiki ya kwanza, panda taratibu, usivuke theluthi ya chakula cha siku. Mbuzi akianza kuhema kwa kasi, kutoa povu, kuyumba na kuanguka muda mfupi baada ya kula, hiyo ni sianidi. Ni dharura ya daktari na hakuna mtishamba wa kuituliza. Kumbuka na maganda ya muhogo kutoka kwa wakaanga chipsi dume: nayo yakaushwe.

Mlusina na migunga?

Jamii ile ile ya kazi. Mlusina unaota kama magugu kwenye mabonde na kando ya reli, una protini nyingi na tanini. Una pia kemikali inayomfanya mnyama anyonyoke manyoya na kuvimba tezi ya shingo ukimlisha peke yake kwa muda mrefu, kwa hiyo theluthi ya chakula, isizidi. Majani na maganda ya mbegu za migunga ni mazuri kwa wenye nafasi ya kuchunga porini. Mlonge hauna tanini ya kutajika lakini kwa protini ni mzuri.

Mbuzi anastahimili tanini vizuri kuliko kondoo, kwa asili yeye ni mla vichaka. Kondoo umwanzishe polepole zaidi.

Wamasai wana dawa yao ya minyoo. Nayo haifanyi kazi?

Unaizungumzia olmukutan bila shaka, Albizia anthelmintica, magome yanayochemshwa. Ndiyo dawa ya mimea ninayoiheshimu kuliko zote kwenye orodha hii. Hata hilo jina lake la kisayansi maana yake ni mpinga minyoo. Uganda walioijaribu kwa wanakondoo walipata matokeo mazuri. Kenya walioijaribu dhidi ya Haemonchus hawakuona mabadiliko ya maana. Mti ni ule ule lakini gome la shina si la mzizi, la kiangazi si la masika, na anayeuchemsha naye ana mkono wake.

Hapo ndipo tunapokosea sisi wa mjini. Mzee wa Kimasai anajua mti wake, anajua kiasi cha mbuzi na kiasi cha ng'ombe, na pia mifugo yake inatembea: haikai siku zote juu ya kinyesi chake. Wewe unanunua mfuko wa unga wa kahawia pembeni ya mnada, hujui ni gome gani wala lina umri gani, na mbuzi wako wamesimama kwenye banda la mita tatu kwa tatu. Ukizidisha kipimo, gome hili linaua.

Nasikia hata sokwe hujitibu minyoo kwa majani.

Kweli, na iligunduliwa kwetu. Mwaka 1987 kwenye milima ya Mahale, Kigoma, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu, Mtongwe mwenye elimu ya mitishamba, walimwona sokwe mgonjwa akimenya vijiti vya Vernonia amygdalina, mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akatafuna na kufyonza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amechangamka. Waliyachapisha mwaka 1989 na dunia ikashtuka.

Mbuzi naye ana akili hiyo kwa kiasi fulani. Kuna utafiti unaoonyesha mbuzi na kondoo wenye minyoo huongeza kula majani yenye tanini wakipewa nafasi ya kuchagua. Neno lenyewe ni nafasi. Mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi hana pa kuchagua. Mtundikie matawi ya aina tatu nne tofauti.

Tumbaku na mrututu? Babu alikuwa anatumia.

Usitumie. Ni kweli nikotini ya tumbaku na mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, viliwahi kuwa dawa rasmi za minyoo ya kondoo zamani, kabla ya hizi za sasa. Tofauti kati ya kipimo kinachoua mnyoo na kinachoua kondoo ilikuwa ndogo mno, ndiyo maana viliachwa. Kondoo hasa shaba humkaa ini mpaka siku moja analegea na kukojoa mkojo mweusi.

Kwa nini hizi hekaheka zote? Si nimpe dawa ya dukani kila mwezi?

Kwa sababu minyoo inajifunza. Dawa za dukani, ukiondoa majina ya makopo, nyingi ziko kwenye makundi matatu: ya kina albendazoli, ya levamizoli, na ya kina ivermektini. Ukimpa kila mbuzi kila mwezi, inayobaki hai ni ile minyoo sugu tu, nayo ndiyo inayozaana. Usugu umeshaonekana Tanzania na Kenya.

Tunaukuza zaidi kwa kupima kwa macho. "Huyu kama kilo kumi na tano hivi", kumbe ishirini na mbili, dawa inakuwa pungufu. Kopa mizani ya kuning'iniza, ile ya wapima magunia, mfunge mbuzi mkanda wa kanga tumboni, ninginiza. Mbuzi pia huivunja dawa upesi kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye kopo mara nyingi hakimtoshi. Mwulize daktari wa mifugo kiasi cha mbuzi kwa dawa hiyo hiyo unayoishika. Albendazoli usimpe mwenye mimba changa ya mwezi wa kwanza.

Ninachofanya: natibu wale wenye jicho lililopauka tu. Kwenye kundi, wanyama wachache ndio hubeba minyoo mingi. Hao wengine waache na minyoo yao michache ambayo haijawa sugu. Na anayepauka kila mara, mwaka hadi mwaka, namwuza machinjioni Vingunguti. Sitaki watoto wake.

Jicho ni jeupe sasa hivi na nina mimea tu.

Panda bodaboda kanunue dawa. Mwache kivulini, usimkimbize wala usimburute, anaweza kufa kwa kukosa hewa. Mpe maji na majani laini. Mpigie afisa mifugo wa kata.

Namna gani nimnyweshe asipaliwe?

Kichwa kiwe usawa wa mgongo, kisinyanyuliwe juu kama mtu anayekunywa soda. Ingiza mdomo wa bomba la sindano, bila sindano, pembeni penye pengo la meno, pitisha juu ya ulimi kwenda nyuma, sukuma taratibu, mwache ameze. Akikohoa, acha. Wengi wanaosema "dawa ya minyoo ilimwua" waliimimina mapafuni. Chupa ya soda ya kioo achana nayo.

Nitajuaje kama mmea wangu umefanya kazi?

Hesabu mayai. Chukua kinyesi kibichi moja kwa moja kutoka kwa mnyama, si cha sakafuni, kiweke kwenye mfuko mdogo wa nailoni, toa hewa, funga, weka kwenye ubaridi, na kifike maabara siku hiyo hiyo. Makao ya Wakala wa Maabara ya Veterinari yapo Temeke, pale pale daladala wanapopaita Veterinari. Pima kabla, kisha pima tena baada ya siku 10 hadi 14. Ukiweza, waache mbuzi wawili watatu wenye afya bila mmea huo ulinganishe, kwa sababu mayai hupanda na kushuka yenyewe mvua zikikatika. Dawa nyingi za kienyeji zimepata sifa kwa kupewa mwanzoni mwa kiangazi.

Nimenunua mbuzi Pugu mnadani. Niwachanganye na wangu?

Subiri. Anayekuja anaweza kukuletea minyoo sugu kutoka mkoa usioujua. Mtenge wiki mbili hadi tatu, mtazame jicho, mpime kinyesi, na umwombe daktari akupangie dawa za makundi mawili tofauti kwa pamoja. Hapa mimea haina nafasi.

Mbuzi wangu hawachungwi, nawakatia majani. Minyoo inatoka wapi?

Kwenye hayo majani. Mayai hutoka na kinyesi, na kwa joto na unyevu wetu ndani ya wiki moja yanaweza kuwa lava anayepanda majani kwa maji ya umande. Lava wengi hukaa sentimita 5 za chini. Majani uliyoyakata alfajiri, chini kabisa, kwenye uwanja wanapopita mbuzi wa watu, umejinunulia minyoo. Kata saa nne au saa tano jua likishakausha, acha kisiki cha kiganja, pendelea mabingobingo marefu na matawi ya miti. Hori liwe juu, wasilikanyage. Sakafu ya chanja, mbao zilizoachana kidogo ili gololi zidondoke chini, imenisaidia kuliko mmea wowote nilioutaja hapa.

Amekufa ghafla. Nimpasue nione?

Kama damu inatoka puani, mdomoni au nyuma, na mwili haukakamai, usimguse: inaweza kuwa kimeta, nacho huua watu. Piga simu. Kama sivyo, tafuta mtaalamu akupasulie na umwombe afungue tumbo la nne mbele yako. Ukishaona zile nyuzi mara moja hutauliza tena kwa nini mbuzi asiyeharisha alikufa.

Dawa ya mimea haina masalia, naweza kuchinja hata kesho Idi?

Majani aliyokula kama chakula, ndiyo. Dawa ya kopo, soma kibandiko, kina siku za kusubiri kwa nyama na kwa maziwa, na zingine hazifai kabisa kwa mbuzi wa maziwa. Chupa ya "mitishamba ya mifugo" isiyo na kibandiko wala usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, siwezi kukujibia, kwa sababu hata anayeiuza hajui kilichomo. Kuna walioichanganya na vidonge vya dukani.

Kinyesi chao nikiweke kwenye mchicha?

Kirundike kwanza, kifunike, kigeuze, mpaka ndani kipate joto la kuunguza mkono. Joto hilo huua mayai na lava. Kikiwa kibichi, majani ya pembeni ya bustani yatarudi kwa mbuzi na minyoo yake, na aina moja moja ya Trichostrongylus humwingia hata binadamu kwa mboga zisizooshwa vizuri. Changu hukaa miezi mitatu chini ya turubai, lile lile la kukaushia muhogo likishachakaa.